Kwa Nini Hondohondo Humziba Mkewe kwa Udongo

Nyamazeni basi, na huyo anayekoroma akakoromee nje. Kisa kikikupita, kesho usiulize kwa nini ndege yule mweusi hupita juu akipiga kelele, wala kwa nini hakuna anayeshtuka.

Zamani hizo watu na wanyama wa milima ya Upare walikuwa wakielewana lugha, ingawa kuelewana kwenyewe kulikuwa kwa taabu. Hondohondo alikuwa na mdomo mtupu, usio na pembe juu yake. Mkewe alitaga kwenye tundu la mti lililo wazi, wala hakuna aliyemziba. Msitu wa Ngaro nao haukuwa na mlango. Watu waliingia kuokota kuni, kukata fito na kuchuma dawa. Kiangazi kilipokaribia, pembe ya msaragambo ililia na kila nyumba ikatoa mtu kwa kazi ya pamoja: wengine wakazoa majani kwenye chemchemi, wengine wakafyeka ukanda wa kuzuia moto pembezoni mwa msitu. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo la kusifiwa. Ilikuwa kazi, kama kufagia uwanja.

Msimamizi wa ndiva, yaani bwawa la udongo lililokusanya maji ya msitu usiku na kuyaachia mashambani asubuhi, alikuwa mwanamke aitwaye Nakijwa. Migomba yake, maharage yake na ugomvi wote wa majirani kuhusu zamu za maji vilitegemea chemchemi ile moja. Ndiyo maana watu walipoanza kukata miti mikubwa kwa kificho, yeye ndiye aliyepiga kelele kwanza. Wazee wakakubaliana awepo mlinzi. Wakamchagua Hondohondo, kwa kuwa aliona mbali na sauti yake ilifika ng'ambo ya bonde, wakamkabidhi ile pembe ya msaragambo.

Hapo ndipo walipokosea. Hondohondo aliivaa pembe juu ya mdomo, na cheo kikampanda kichwani pamoja nayo. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile msitu ni wa kutazamwa tu, maana nyayo za watu zinauharibu. Mwizi wa mbao na bibi wa kuni, wote kwake wakawa kitu kimoja.

Majani yakaanza kuziba chemchemi. Nakijwa akapanda mlima kwenda kumwona.

"Baba Hondohondo, maji yanapungua. Piga pembe tukazoe majani."

"Majani ni mali ya msitu, mama."

"Na maji?"

"Maji yatajitafutia njia."

Akarudi. Akapanda tena, akaambiwa ndege wako kwenye kikao cha mambo ya msitu. Akapanda mara nyingine, magoti yakimuuma, akauliza kwa upole uliokuwa umebakia kidogo sana kama hicho kikao hakingeweza kuwashirikisha na wenye maji yao.

Hondohondo alishangaa kweli kweli. "Lakini mmeshashirikishwa, mama! Hapa nakwambia, si unasikia?"

Nakijwa aliteremka mlima wote akizungumza peke yake, na maneno aliyoyasema hayafai kurudiwa mbele ya watoto.

Kiangazi kilipokolea, moto ukapanda kutoka nyikani. Ukanda haukuwa umefyekwa, kwa hiyo moto haukukuta pa kusitia. Hondohondo akapuliza pembe, akapuliza hadi macho yakamtoka. Kijijini watu walikaa vizingitini wamekunja mikono.

"Tumekatazwa kukanyaga," alisema Mzee Mbonea, akacheka. "Sisi ni wa kutazama. Basi tunatazama."

Nakijwa alidhani Hondohondo amemchosha vya kutosha, kumbe wanakijiji wenzake nao walikuwa na lao la kumchosha. "Ndege yule ni mpumbavu, sawa," akawafokea. "Na ninyi mnaona fahari kumzidi? Msitu ukiisha, yeye ana mabawa. Ninyi mna nini?"

Mzee Mbonea ndiye aliyeinuka kwanza, akajifanya anatafuta panga lake. Walipofika kwenye ndiva wakakuta hakuna maji, ni tope tupu. Wakabeba tope hilo kwa vikapu, wakakata matawi mabichi ya kupigia moto, wakaingia.

Katikati ya moshi Nakijwa aliona tundu la mti. Mke wa Hondohondo alikuwa ndani, amenyonyoka manyoya ya mabawa kama ilivyo desturi yake wakati wa kuatamia, hawezi kuruka, na kinda yuko chini yake. Nakijwa akalisiliba tundu kwa tope, akaacha ufa mwembamba wa kupumulia, akaendelea kupiga moto. Walipouzima, nusu ya Ngaro ilikuwa majivu. Lakini chemchemi ilinusurika, na yule mama na kinda lake walikuwa hai nyuma ya tope lililokauka.

Hondohondo akaja mbio. Pembe ilikuwa imeshikana na mdomo kwa joto na kwa kupulizwa, haikutoka tena.

"Sasa tukae chini sote," Nakijwa akamwambia, uso umejaa masizi. "Tupange nani anazoa, nani anafyeka, nani anachunga wezi."

Hondohondo hakumsikia. Alikuwa akilitazama lile tundu. "Kumbe ni udongo!" akasema. "Dawa ya ulinzi ni udongo!"

Nakijwa akashika kichwa. "Si udongo, baba. Ni mikono iliyoubeba."

Lakini alikuwa ameshapaa kwenda kuwaeleza ndege wenzake.

"Haya," Nakijwa akamwitia. "Ukiziba, ulishe!"

Na tangu siku hiyo, kila majira ya kutaga, hondohondo hubeba udongo, mkewe akazibwa ndani ya tundu, ukaachwa ufa tu. Naye hushinda akienda na kurudi na matunda ya mkuyu mdomoni hadi akakonda, maana aliyefungiwa hajitafutii. Pembe bado iko juu ya mdomo wake, na bado anaita msaragambo. Watu wa Ngaro huinua macho kidogo tu, wakasema, "Tumeshashirikishwa, baba," kisha wakainama tena chemchemini, wakaendelea kuzoa majani.