Majani Yaliyorushwa Juu ya Ua

Wapendwa, mfugaji mmoja alikuwa na kuku arobaini, na wote walikuwa wameshaahidiwa. Binti yake angeolewa baada ya Pasaka, na baba alikuwa ametangazia ukoo mzima kwamba kila mgeni angekula paja la kuku. Si shingo. Paja.

Masika yakaingia, stoo ikavuja, pumba za mahindi zikaota ukungu.

"Baba, hizi tuzitupe," mkewe akasema.

"Tutupe chakula kwa sababu ya harufu? Nitazianika."

Akazianika siku mbili. Harufu ikaisha, akawapa kuku. Hakujua kwamba jua huondoa harufu tu, sumu ya ukungu hubaki. Lakini kuku wakala, wakataga, wakanenepa. Mzee akawa anatembea kifua mbele, akiwaambia watu kwamba kuku wake wana matumbo ya chuma.

Kero yake ilikuwa moja: jirani yake, mjane, kila asubuhi alirusha juu ya ua mchicha, majani ya mlonge na maganda ya karoti.

"Mama, kwangu si jalala."

"Si takataka, shemeji. Nawaonea huruma. Pumba kila siku, hata wewe ungechoka."

"Kwani wamekulalamikia?"

"Kila nikipita wananikimbilia. Wewe wanakukimbilia?"

Mzee akanunua mabati, akapandisha ua mpaka kunguru wakawa wanatua juu yake kupumzika.

Wiki ya tatu baada ya ua kupandishwa, kuku wakaanza kusinzia mchana, mabawa yamelegea kama makoti ya kuazima. Watano wakafa. Mzee akaikumbuka harusi. Akamwita bwana mifugo, naye akanusa pumba, akazikoroga kwa kidole.

"Umewalisha hizi tangu lini?"

"Miezi miwili. Na walikuwa wazima kabisa."

"Walikuwa wakipata majani mabichi?"

Mzee akatazama mabati yake.

"Yalikuwa yanakuja yenyewe," akasema.

"Basi yamewasaidia. Sumu hii huula mwili kama kutu inavyokula bati, na vitamini za majani huusaidia mwili kujikinga. Ila majani hayaondoi sumu. Hizi choma leo. Na kuku hawa usimlishe mgeni hata mmoja."

Mzee akaenda kwa jirani, kofia mkononi.

"Umekuja kugomba tena, shemeji?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba zile takataka."

Mjane akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamletea ndoo nzima ya mchicha.

Mzee akaibeba ndoo hadi nyumbani akimsifu mama yule njia nzima. Mkewe akamsikiliza, akasema, "Lakini huyu hatukumwalika harusini."

Mnacheka, ndugu zangu. Sisi je? Tunakula chuki na masengenyo wiki nzima, Jumapili tunavianika hapa kanisani kwa saa mbili, harufu inaisha, tunajiona wa chuma. Nani ametushikilia tusianguke? Ni shangazi anayetuombea bila kutuambia? Ni jirani anayewalisha watoto wetu tukichelewa kurudi? Na tumemlipa nini, zaidi ya kumnunia?

Tukifika nyumbani, tuzichome pumba zetu. Kisha tumtafute mtu yule ambaye jina lake hatukuliandika popote, tumwambie, "Karibu ukae mbele."