Kuchutama Mbele ya Gurudumu

Sogeeni karibu, wanangu. Mlioko mlangoni ingieni, mkeka wa mbele bado una nafasi. Mama Subilaga, mpe mtoto ziwa anyamaze. Mwenye simu aizime, maana sauti yangu imezeeka, haiwezi kushindana na mlio. Kusoma sikujaliwa, na Neno limekwisha kusomwa na wenye kujaliwa. Mimi nina mfano tu. Tutulie.

Palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja. Bonde lilikuwa katikati ya nyumba zao, kisha ikaingia na mianzi. Kichaka cha mianzi kiliota mpakani, mkubwa akakata ya kujengea zizi, mdogo akasema ni yangu. Neno likazaa neno. Kila mmoja akaapa kwamba mwenzake ndiye ataanza kuinama. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena, watoto wao wakikutana kisimani wanatazamana ndoo. Mnaijua nyumba ya namna hiyo? Msinijibu.

Yule mdogo akapata gari, lile la kupandia milima. Fundi aliyemuuzia akamweleza bila haraka: "Mzee, hili lina gia ya kuamsha magurudumu yote manne. Lakini usingoje tope likumeze ndipo uikumbuke. Ukiliona tope mbele, simama ungali pakavu. Shuka, chutama, zungusha kwa mkono hivi vifungo vya magurudumu ya mbele, cha kulia na cha kushoto. Panda, anza kwenda polepole, usukani umenyooka. Ondoa mguu kwenye mafuta, ukisukume hiki kigia kidogo taratibu. Kitaingia kama kisu kwenye parachichi lililoiva. Ila magurudumu yakishaanza kuzunguka bure, usikilazimishe. Utavunja meno ya ndani."

Akayashika yote. Akawa anawafundisha na wenzake kilabuni, kwa mikono yote miwili, kama mwalimu.

Kisha kaka mtu akaugua, ugonjwa ule wa kutoinuka. Akatuma mjumbe: "Mwambieni mdogo wangu aje. Nina neno moja la kumwambia. Nikishalisema nitapumzika."

Mdogo akawasha gari, mkewe kando yake na kikapu cha ndizi mapajani. Mgonjwa aliposikia mngurumo ng'ambo ya bonde, akasema, "Nitoeni nje, nimwone anavyokuja." Wakamkalisha kwenye kigoda ukingoni mwa ua, blanketi mabegani, uso umeelekea bondeni.

Gari likateremka. Chini kabisa, kabla ya tope, mke akasema, "Baba watoto, hapa ndipo pakavu pa mwisho. Si ushuke ufunge vile vifungo?"

Mume akainua macho. Akawaona watu wa kaka yake kule juu, wamejipanga.

"Nishuke nichutame mbele ya gurudumu, na kaka mwenyewe ananitazama? Watasema nimeanza kuinama tangu bondeni."

"Watasema umefunga gari."

"Wewe wale huwajui. Ni ndugu zangu mimi."

Akaingia vivyo hivyo. Tope likampokea. Magurudumu ya nyuma yakapiga kelele, yakachimba, gari likakaa kitako kama mama mkwe aliyefika. Ndipo akashuka. Sasa alichutama, wanangu, tena ndani ya tope mpaka magotini, suruali ya safari na yote, akitafuta vifungo kwa kupapasa. Akapanda, akakanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka bure, akakisukuma kigia kwa hasira. Kikalia kama mfupa.

Binti wa kaka yake akaita kutoka juu, "Baba mdogo, acha gari. Panda kwa miguu. Baba anakuita."

Unajua palikuwa mbali kiasi gani? Ungeinjika chai, angefika haijachemka.

Akajibu, "Mwambie nakuja na gari langu." Akaanza kukata matawi ya kutandika chini ya magurudumu.

Mke akavua viatu. "Basi mimi natangulia."

Akapanda, akafika, akapiga magoti penye kigoda. Mgonjwa akauliza, "Yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari, shemeji."

"Nimemwona akichutama," akasema yule mgonjwa, akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na pumzi. "Anajua, kumbe."

"Nipe mimi hilo neno, nimpelekee."

"Hapana, shemeji. Hili ni lake. Halitumwi."

Akaendelea kutazama bondeni, mpaka macho yakawa yametazama tu.

Kilio kikapigwa. Na yule bwana wa bondeni, alipokisikia, aliacha gari, akaacha na panga, akaupanda ule mlima mbio, akafika. Nawauliza, miguu hiyo aliitoa wapi? Alikuwa nayo mchana kutwa.

Sisi tunajua, wanangu. Hatukukosa kufundishwa. Tunajua kusamehe kunaanzia pakavu, taratibu, tungali tunaweza kusalimiana. Lakini nani atanichungulia nikichutama? Basi tunangoja tope, tunangoja dripu na jeneza, ndipo tunalazimisha. Mnasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao. Wanakuja, wanakula, wanaondoka. Majuto hayaondoki. Na wewe uliyekaa leo mwisho wa benchi ili usikae karibu na dada yako, nimekuona tangu wimbo wa kwanza.

Matanga yalipoanuliwa, mali ikagawanywa. Nyumba na zizi vilikwenda kwa mjane. Mianzi ilikwenda kwa binti, akaikata yote, akaiuza. Gari halikugawiwa, lilikuwa na mwenyewe. Kuku wa bondeni wanataga ndani yake. Na mdogo, kwa kuwa ndugu wa marehemu hatoki mikono mitupu, wazee walimpa kile kigoda.

Anacho. Amekiweka ukutani. Hajawahi kukikalia.