Asante Ambayo Talida Hakuitoa

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ya kale, babu wa babu zenu hajaota hata jino, paliondokea mwanamke huko Misri, kando ya mto Nili. Jina lake Talida, muuza mikate. Mwanamke wa shukrani! Ukimpa chumvi, asante. Ukimpisha njia, asante. Mpaka punda wake alishukuriwa. Watu wakamcheka: "Talida, hata nzi akiondoka utamshukuru?"

"Huyo ndiye wa kwanza!"

Basi mto ukafurika, mashamba yakanywa. Na desturi ya huko, mto ukifurika, kila mtu huenda mbele ya sanamu ya Kaisari, akatia ubani motoni, akasema, "Asante, Kaisari, bwana wa maji." Asiyesema, upanga. Na Talida, jamani, alikuwa amebatizwa.

Liwali alipomwona akatabasamu. "Huyu hatanisumbua. Haya, Mama Mikate, shukuru."

"Namshukuru Kaisari kwa barabara. Namshukuru kwa soko."

"Na maji?"

"Maji hakuyaleta yeye, bwana."

Wifi yake, Nofra, aliyesimama nyuma yake, akamvuta nguo. "Wifi, sema tu! Neno lenyewe unaligawa kutwa kama njugu! Wanao niwaambie nini?"

Talida akaviona moyoni vichwa vidogo vya wanawe, wamelala mkekani. Alitamani kurudi nyumbani, alitamani sana. Msidhani alikuwa jiwe. Lakini kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa watoto haohao, kwa mto huohuo. Leo ageuke aseme mto ulikuwa wa mwingine?

"Wifi, nilelee wanangu. Nitakushukuru mbele ya Bwana Yesu."

Liwali naye akasihi. "Mama, asante moja tu!"

"Hiyo moja ina mwenyewe, bwana."

Wakamtoa nje. Askari akamlegezea kamba iliyombana mkono. "Asante, mwanangu," akamwambia. Upanga ukashuka.

Nofra akaitwa. Akatia ubani, akasema yale maneno, akaenda zake. Jioni akawamegea watoto wa Talida mkate. Yule mdogo akafumba macho kama alivyofundishwa: "Asante, Mungu, kwa maji, kwa ngano, kwa mama."

Nofra akalia. Kisha akaitika, "Amina." Na hakurudi tena kwenye ile sanamu.

Basi wajukuu, shukuruni kila mtu kwa alilotenda, na la Mungu mpeni Mungu. Mimi nimetua mzigo wangu hapa. Mwenye mabega na aubebe.