Binti wa Fundi Shaweji Aitwe Nani?

Zamani kidogo, fomu zikiwa zimeshavumbuliwa, waliishi wanawake watatu wenye macho yasiyo ya kawaida. Siwatu, karani wa mahudhurio, hakusahau tarehe yoyote, hata ya jambo alilotaka kulisahau. Sikudhani, muuza chai, aliona uchafu ambao wengine waliuita kivuli. Na Mwalimu Tekla wa kemia hakuweza kuipita "kwa nini" bila kusimama.

Wote walikutana kwenye banda la Sikudhani, ubavuni mwa karakana ya halmashauri, ambako Fundi Shaweji alichomelea mabomba yaliyopakwa zinki. Kila wiki Shaweji alishikwa na homa: mwili unatetemeka, mdomoni ladha ya sarafu. Kesho yake hafiki kazini. Uongozi ukaandika barua: ulevi. Shaweji, ambaye hata togwa iliyolala humsumbua, akapewa hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo kazi hana. Na mkewe, Mwajabu, alikuwa na mimba ya miezi tisa.

"Atakayenivua hili la ulevi," aliapa mbele ya wanywa chai wote, "mwanangu akiwa wa kike atabeba jina lake."

Siwatu akaleta daftari. "Mlevi wa Jumapili huugua Jumatatu. Wewe unakosa Jumanne. Pombe yako inakuja kwa treni?" Watu wakacheka. Yeye akaendelea kufunua. "Baada ya Idi mlirudi Alhamisi, ukakosa Ijumaa. Kaka, ukitoka mapumziko ukafanya kazi siku moja tu, unaugua. Kinachokuumiza kiko humo karakana."

Sikudhani akainua kifuniko cha birika. "Ukichomelea mabomba haya, kifuniko changu kinaota unga mweupe, hasa hapa penye mvuke. Ukichomelea chuma kitupu, hakioti. Mimi nilidhani unanikomoa, shemeji."

Tekla akaomba sahani mbili baridi. Shaweji akichomelea bomba, moja akaishika karibu kabisa na moto wake, nyingine mbali kidogo, mwenyewe akikohoa ndani ya moshi. Ya karibu ilitoka ya kijivu, ya mbali nyeupe.

"Zinki inachemka, inakuwa mvuke," alisema. "Mvuke ukipoa, chembe zake zinakumbatiana: mbili, kumi, mia, vishada visivyoonekana. Hapa karibu bado ni metali. Vikisogea vikiwa vya moto vinanyakua oksijeni, ya hewani au hata iliyomo kwenye mvuke wa maji, vinageuka unga mweupe. Unyevu wa birika unaunatisha. Unaobaki unauvuta wewe. Katikati ya wiki mwili unauzoea. Ukipumzika mwili unasahau, vita vinaanza upya, ndiyo homa hiyo."

Ijumaa kamati ilisikiliza, ikajadili kwa nusu saa kama sahani zile zina namba ya mali ya serikali, kisha ikafuta barua. Shaweji akaamriwa akwangue zinki kwanza, achomelee penye upepo, avae barakoa. Jumanne iliyofuata alifika kazini kabla ya mlinzi. Alhamisi Mwajabu akajifungua binti.

Wanawake watatu hawakudai kitu. Walizungumza tu, mbele ya Shaweji, kwa sauti ya kutosha.

"Bila daftari langu, kile ni kifuniko kichafu tu," alisema Siwatu, aliyeandikiwa onyo kwa kulitoa daftari bila kibali.

"Na bila kifuniko changu mngepima nini?" alijibu Sikudhani. Kifuniko kilichukuliwa kuwa kielelezo na hakijarudi hadi leo. Birika analifunika kwa sahani.

"Bila mimi mngekisugua kwa majivu," alisema Tekla, ambaye usiku wa siku ile ya moshi alitetemeka kwa homa ileile hadi alfajiri.

Sasa Shaweji yuko dirishani kwa msajili, mtoto amelala begani. Kisanduku cha jina la kwanza ni kimoja. Msajili ameshasema, bila kuinua kichwa, kwamba kuandika matatu ni kuharibu fomu. Kalamu iko mkononi, na nyuma yake, kwenye benchi, wanawake watatu wanatazama dari.

Enyi mliosikiliza, kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?