Farasi Ukumbini mwa Sultani

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alikuwapo mfunza farasi hohehahe jina lake Ngwali. Mali yake yote ilikuwa farasi jike mmoja, Marashi, ambaye marehemu mkewe alimlea kwa maziwa ya mbuzi tangu siku aliyozaliwa. Ikawa masika yameingia, na sheria ya mashindano ya mbio za farasi ilisema: farasi asiye na paa ndani ya uwanja hashindani. Nayo mabanda yote arobaini Sultani alikwisha kuwapa wafunzaji wa ng'ambo, hata wale ambao farasi wao walikuwa bado njiani, na watumishi wao wakilala humo kuyalinda.

Basi Ngwali akaenda kwenye ukumbi wa Sultani, humo humo uwanjani, maji ya mvua yakimchuruzika puani.

"Seyyid, farasi wangu anakohoa. Naomba banda moja."

"Mgeni kwanza, Ngwali. Mwenyeji hungoja. Huo ndio ustaarabu."

"Nimengoja masika matatu, bwana wangu."

"Ongeza ya nne!" akadakia waziri, na baraza zima likacheka.

Sultani naye akataka kuchekesha. "Haya, naapa mbele ya kadhi: paa lolote la uwanja huu utakalolikuta halina mtu wala mnyama chini yake, ni lako, na asikutoe mtu."

Ngwali akapiga magoti, akashukuru kama aliyepewa jumba. Watu wakanong'ona: maskini, akili imemlowa.

Alasiri ile baragumu likalia: mgeni kafika langoni. Na desturi ya Sultani ilikuwa kumpokea kila mgeni kwa miguu yake, naye akiinuka hakuna abakiye kitako. Basi wakatoka wote: waziri, kadhi, mshika mwavuli, hata paka wa kadhi akabebwa.

Waliporudi wakamkuta Marashi amesimama juu ya zulia, anatafuna mto wa Sultani, na Ngwali anamkausha kwa pazia.

"Ngwali wee! Mtoe mnyama huyo!"

"Nimtoe, bwana wangu? Nawe umeapa?"

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akamtazama paka.

"Na mimi nikae wapi?" akauliza Sultani. Mvua ilikwisha kumpenya kilemba.

"Seyyid ni mwenyeji," akasema Ngwali kwa adabu. "Mwenyeji hungoja."

Yule mgeni akauliza kwa upole kama mabanda yote ya huku yana mazulia.

Hapo Sultani akaangua kicheko hata akashika nguzo. Akaamuru mabanda yagawiwe kwanza wafunzaji wa mji, wageni wapewe yatakayobaki, na Ngwali achague kabla ya wote. Lakini Marashi akakataa kutoka. Ikabidi Sultani mwenyewe amvute kwa halua, tonge kwa tonge, mvuani, mpaka bandani.