Kaa la Moto Lililompa Pilipili Ukali

Hapo zamani za kale, wanangu, babu wa babu yangu hajaota hata jino, Bi Pilipili alikuwa mtamu kushinda embe dodo. Mnacheka? Mambo ya shamba niulizeni mimi, hakuna anishindaye.

Utamu huo ndio ulimponza. Nyani, jitu la mabega mapana, alikuja kila msimu akayatafuna matunda yake yote, nyaku nyaku nyaku, hadi mbegu. Bi Pilipili hakupata hata mche mmoja wa kumwita mama.

"Kesho nakuja kumalizia haya yaliyobaki," Nyani akamwambia jioni moja.

Bi Pilipili akalia. Shore, ndege mdogo mwenye kishungi, akamsikia kutoka tawini.

"Nyamaza, dada. Mimi sina meno, humeza tu. Mbegu zako nikizidondosha huwa nzima. Huyu mtafunaji niachie."

Akaruka, puruu, mpaka kwa mke wa Nyani.

"Hodi, shemeji. Moto umenizimikia jikoni. Naomba kaa."

"Chukua, jirani. Nani anamnyima mwenzake moto?"

Shore akalibeba kaa kwenye kigae, akalifukia chini ya Bi Pilipili. Joto likapanda mizizini, likapanda shinani, likajificha ndani ya mbegu.

Nyani alipofika, Shore akamkaribisha kwa adabu.

"Karibu, bwana mkubwa. Mwenyeji huonja kwanza, mgeni asiwe na shaka."

Akameza tunda moja zima, gu. Akameza la pili. "Mh. Leo limekolea."

"We kidudu, utanimalizia."

Nyani akajaza kinywa, akatafuna. Macho yakamtoka. Hoo, hoo, hoo!

"Shore, umeniwekea nini?"

"Moto wa jikoni kwako, kaka. Shemeji kanipa mwenyewe, Mungu ambariki."

Nyani akakimbilia mtoni, akanywa maji, moto ukazidi. Hakurudi tena.

"Ahsante, ndugu yangu," Bi Pilipili akasema. "Mwenye meno nitamchoma. Wewe na wanao, kwenu nitabaki mtamu maisha."

Mvua zilipoanguka, kila alipotua Shore pakachipua miche. Bi Pilipili akaiita mmoja mmoja: "Msalimuni mjomba wenu. Bila yeye msingekuwepo."

Basi shikeni hili: aliyekuokolea watoto wako, usimnyime utamu wako.