Taa Moja ya Kiwanda cha Sufuria

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, nami nimeona nisiibanie. Isome, kisha mpelekee yule bosi wako anayeona kila mtu mwizi.

Bwana Mshana alikuwa na kiwanda cha sufuria. Kila sufuria ilipita chini ya kamera, nembo ikitazama mbele, taa kali ikiimulika kutoka kushoto. Kamera ikiona ufa, sufuria inatupwa. Isipoona, inakwenda kwa Mwanahawa, mama aliyefunga mizigo pale miaka mingi.

Basi wateja wakaanza kurudisha sufuria zinazovuja.

"Kamera haina njaa wala ndugu," Bwana Mshana aliwaza. "Ni Mwanahawa. Nzuri anauza, zile mbovu zilizotupwa ndizo anazifunga. Kikulacho ki nguoni mwako!"

Akaanza kumchunguza. Mama akicheka, anaficha jambo. Akinyamaza, anapanga jambo. Siku moja akampekua kapu mbele ya wenzake. Akakuta mihogo na kanga.

"Mwizi hodari hakosi pa kufichia," akasema, na akamfukuza kazi. Mama wa watu akaondoka analia, na habari ikamtangulia mtaani. Inauma, jamani.

Sufuria zikaendelea kuvuja. Sasa akamshuku aliyeshika nafasi ile, mpwa wake mwenyewe! Ili amnase, akazikwaruza alama ndogo kwa msumari sufuria zilizopitishwa na kamera. Haukupita muda zikarudi zinavuja, na mikwaruzo yake ipo. Hakuna aliyebadilisha kitu.

Akaita fundi wa kamera. Fundi akaweka chini ya kamera sufuria moja inayovuja, akafunga taa pande nne, akaziwasha moja moja. Ya kushoto, safi. Ya kulia, safi. Ya mbele, ufa huo hapo, mweusi, mwembamba kama unywele.

"Mashine yenu ya kukandamiza sufuria inazipasua mahali palepale kila mara," fundi akasema, "na nyinyi mnazipanga zote nembo mbele. Mwanga ukifuata njia ya ufa, hakuna kivuli, kamera haioni. Mwanga ukiukatisha ufa, kivuli kinaonekana."

Bwana Mshana akaenda kwa Mwanahawa kuomba radhi na kumrudisha kazini. Mama akamsikiliza mlangoni mpaka mwisho.

"Kamera ilipokosea, bosi, uliitafutia taa nne," akasema. "Mimi hukuniuliza hata swali moja."

Akafunga mlango taratibu.

Funzo: Usimhukumu mtu kwa mwanga wa upande mmoja; ukimvunjia jina mbele za watu, radhi ya mlangoni haimrudishii jina hilo.